Zile Chupa Ulipanda Kando ya Mto

Mama Nekesa,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Darasa la nne ndio niliachia. Lakini hii siwezi ambia mtu kwa simu, na kaburi yako Bungoma sifiki kabla ya Desemba. Nimeitisha Nekesa kitabu yake ya shule, nikararua karatasi mbili. Sikia.

Nimemaliza miti yako.

Nasema mara moja ndio nisianze kuzunguka. Ile miti mlipanda na kikundi yenu kando ya mto, kutoka daraja mpaka kwa shamba ya Cucu Wangari, yule nyanya wa kikundi yenu. Nimeikata yote. Na mkono yangu.

Ilikuwa hivi. Tangu tukuzike kazi ya mjengo imekuwa mbaya. Naenda Kilimani asubuhi, nasimama kwa geti na wengine, wanaangalia mvi yangu halafu wanaita kijana ako nyuma yangu. Jamaa mmoja akaniambia kuna kazi hapa hapa Mutuini, ya kufyeka. Ofisi fulani ya Westlands inakuja kupanda miti Jumamosi, wanataka mahali pawe safi. Nilifurahi. Nilisema hata Mama Nekesa angefurahi, mto yake imepata wageni.

Unaona ujinga yangu.

Nyapara akatuambia, "Wazee, toeni kila kitu. Hawa ni watu wa viatu nyeupe, wakiona nyoka mimi nimekwisha." Tukafyeka siku mbili. Majani ilikuwa imefika kifua, kwa sababu tangu ulale kikundi ilipoa, hakuna mtu alikuwa anaita wengine. Na ndani ya majani tukaanza kupata chupa za soda. Zimekatwa matako, zimesimama kichwa chini kwa mchanga. Moja hapa, moja pale. Jamaa mmoja akasema, "Kumbe huku wanapanda soda!" Wote tukacheka. Na mimi. Nikazing'oa nikitia kwa gunia.

Hizo chupa zimelala chini ya kitanda yetu miaka ngapi? Nilikuwa nakugombanisha, "Hii ni nyumba ama ni jaa?" Unanyamaza. Unachoma msumari kwa jiko, unatoboa vifuniko moja moja, nyumba yote inanuka plastiki. Sikuwahi uliza ni za nini. Kitu ndogo hivyo. Ningeuliza mara moja, ningejua kila chupa iko na mti hapo kando, inaunyonyesha maji wakati wa kiangazi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukuuliza, "Unafanyia nani kazi ya bure? Huo mto ni ya baba yako?" Na wewe umerudi Jumamosi na matope mpaka magoti, umeokota nepi za watoto wa watu siku nzima, na bado unaniwekea chakula kwanza. Siku moja tu ulinijibu. "Baba Nekesa, magorofa yote umejengea watu, umewahi lala ndani ya gani?" Nilinuna wiki nzima.

Cucu Wangari ndio alinionyesha. Alikuwa ameenda kwa msichana wake Nakuru, akarudi akakuta tunamaliza. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alishuka na fimbo yake polepole, akainama, akaokota kamti moja, kadogo kama kidole, kamekatwa safi. Akasema, "Hii ni mkuyu. Mama Nekesa alibebea hii maji na mgongo, kiangazi mbili." Akaniangalia. "Watu wengine sawa. Hata wewe hukujua?"

Hiyo "hata wewe" bado inanikata.

Jumamosi wageni wakaja. Tisheti za kijani, zote sawa. Mashimo tulikuwa tumewachimbia. Mtu anaweka mti kwa shimo, anapigwa picha, anaenda kwa tenti ya chai. Na walipanda na karatasi yake! Ile karatasi nyeusi ya plastiki miche huja nayo, mizizi imefungwa ndani. Nikaambia kijana mmoja, "Boss, toa karatasi kwanza." Akacheka vizuri tu. "Si itaoza, mzee?" Hawakuwa watu wabaya. Walitupatia mandazi. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wabaya.

Halafu hotuba. Mkubwa wao akasema hapa palikuwa kichaka tu, hakukuwa na kitu. Cucu alikuwa amesimama kwa ua yake akisikia. Nilitaka kusema, kulikuwa na kitu. Nilikuwa na hiyo maneno kwa mdomo. Sikusema. Walikuwa hawajatulipa.

Sasa ujue umeolewa na mtu wa aina gani.

Kesho yake sikuenda kanisa. Nilishuka mtoni nikang'oa miche ya wageni, mmoja mmoja, nikatoa karatasi, nikarudisha kwa mchanga. Miti yao haina makosa. Chupa zako nilitaka kuzirudisha pia. Gunia lilikuwa limebebwa na watu wa kununua plastiki. Kwa hivyo nabeba maji na mtungi. Mgongo inauma. Hukuwahi niambia mgongo inauma hivi.

Jumamosi iliyofuata wenzako wakatokea, wanawake wanne na Cucu. Hasira ndio iliwarudisha. Hakuna mtu alinisalimia. Mama mmoja, na hakushusha sauti, akauliza, "Na huyu leo amelipwa na nani?" Wakacheka ile ya kuumiza. Nikanyamaza, vile wewe ulikuwa unaninyamazia. Cucu akanipatia gunia akanionyesha maji. "Wewe utaokota nepi. Miti usiguse."

Sasa ni Jumamosi ya saba. Naokota. Sisemeshwi sana. Mambo watu wanatupa huko, mama, na wewe hukuwahi leta hiyo harufu kwa meza ukilalamika.

Cucu anasema mkuyu hukatwa ikachipuka tena. Mimi huangalia vile visiki kabla nianze kazi. Bado hakuna kitu. Labda nilikata chini sana. Mimi hukata vizuri, unajua.

Desemba nitakuja nisimame hapo kwako. Sitajitetea, na usinitafutie maneno ya kunitetea vile ulikuwa unafanya kwa watu wenu. Ahadi yangu ni hii: nitaokota nepi mpaka Cucu aseme naweza shika mti. Asiposema, nitaokota tu.

Lala, Mama Nekesa. Mtoto amekula.

Ni mimi,
Baba Nekesa