Sukari Fupi

Swahiba, nimeharibu.

Unamjua binti wa dada yangu, aliyenitafutia kazi ya kuosha chupa kwenye maabara yao. Leo asubuhi kaniambia, "Mjomba, zile hamira zenye kasoro zitupe." Chupa tano zimeandikwa SUKARI NDEFU, moja SUKARI FUPI. Mimi nikajua fupi ndiyo pungufu. Nikaimwaga.

FUPI, swahiba! Kumbe ndiyo aliyoihangaikia miaka miwili, na nyingine hana!

Eti hamira ikitengeneza protini ya dawa, huibandika sukari ndefu kama mkia, na mwili wa mgonjwa ukiuona mkia huo unaikataa dawa. Hiyo moja tu ndiyo ilikubali kubandika fupi.

Hakunifokea. Bora angefoka. Kaniuliza polepole, "Mjomba, uliitia sumu ya kuua vijidudu kabla ya kumwaga?" Macho yananisihi niseme sikutia, maana tone lililobaki hai chupani angelikuza upya. Yaani mtoto anamwombea mjomba wake awe mvivu!

Na wewe unajua nimefukuzwa kazi ngapi kwa uzembe, miji yote niliyopita.

Leo nilitia, swahiba. Mara mbili.