Nyonga Mpya, Njia ya Pemba, na Karatasi Niliyoificha

Bi Sumaia, mshauri wetu wa redio, pokea salamu kutoka Olumbi, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, na ukishazipokea nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, na nimekuja kwako nina furaha isiyoenea kifuani na aibu isiyonitoka, vyote kwa pamoja, hata sijui nianze na kipi.

Jina langu Cadija, nina miaka hamsini na tisa, na hapa kwetu watu wananijua kwa kuendesha gari, kwa sababu mume wangu Adamo ni mtu wa shamba na hajawahi kushika usukani, pikapu yetu mimi ndiye niliyekuwa naipeleka Palma, naipeleka Mocímboa, harusi ikiwepo nabeba maharusi, msiba ukiwepo nabeba wafiwa, mpaka nyonga ya kushoto ilipoanza kuniuma, miaka mitatu nikawa usingizi siupati, kukanyaga klachi ni kama kukanyaga kaa la moto, na mwaka jana mwezi wa nane nikafanyiwa operesheni Nampula, wakaitoa nyonga iliyokwisha wakaniwekea ya chuma.

Operesheni ilikwenda vizuri. Kilichoniharibu ni safari ya kurudi. Ilikuwa wiki ya tatu tu, nimelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, siku mbili njiani, na tulipokaribia Awasse gari likatumbukia kwenye shimo, nikapata maumivu ambayo hata kwenye uzazi sikuyaona, nikapiga ukelele nikijua nyonga imechomoka. Haikuchomoka. Lakini woga uliniingia siku ile, ukapata makao.

Sasa sikia kosa langu. Siku ya kutoka hospitali dokta alinipa karatasi ya Kireno, inasema kuanzia wiki ya kumi na mbili, kama mguu hauna maumivu, naruhusiwa kuendesha gari na kwenda safari ndefu, mradi nisimame njiani kila baada ya saa moja. Adamo alisomea chuo cha Kurani tu, Kireno anakisikia lakini kukisoma hajui, nilipofika nyumbani akaniuliza, "Dokta kasemaje?" nami nikamjibu, "Kasema gari basi, mpaka atakaponiita mwenyewe." Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye pochi ya leseni.

Na yeye aliniamini, Bi Sumaia. Alinichotea maji, alinivisha viatu kwa sababu nilikatazwa kuinama, aliinua kitanda kwa matofali nisikae chini sana, na msimu wa korosho ulipofika, yeye ambaye kila mwaka huhamia shambani wiki sita nzima, mwaka ule hakwenda, korosho nyingi zikaozea chini, nikimuuliza anasema, "Mikorosho itazaa tena." Wiki ya kumi na mbili ikafika, mguu hauumi, natembea mpaka kisimani na kurudi bila mkongojo, na sikusema, mwaka mpya ukaingia sikusema, kila nikifungua mdomo nalisikia lile shimo la Awasse.

Mwezi wa nne binti yetu Latifa akamaliza masomo ya uuguzi Pemba, wa kwanza katika ukoo wetu. Siku ya kumaliza kila mwanafunzi huvishwa na mzazi wake bata, lile koti jeupe la kazi. Tukapanga mwanangu Sadique aje kutoka Mocímboa amwendeshe baba yake, mimi nibaki. Latifa akaniambia kwenye simu, "Baba namtaka, mama, lakini mikono niliyokuwa naiota ni yako." Nikalia, nikabaki na uongo wangu. Siku mbili kabla ya safari Sadique akashikwa na malaria, hata kuinuka hawezi. Adamo akakaa kizingitini na kanzu yake iliyopigwa pasi mapajani, akasema taratibu, "Basi mtoto atavishwa na watu baki."

Nikamwambia, "Chukua kofia yako. Naendesha mimi."

"Dokta amekukataza!"

"Dokta nitamjibu mimi."

Tukaondoka kumekucha. Alinipangia mito miwili kwenye kiti, akakaa pembeni yangu anasoma dua, kila tukikaribia shimo ananyoosha mkono mbele ya goti langu kana kwamba ataweza kulizuia gari. Nilipokanyaga klachi mara ya kwanza nilifumba macho nikingoja lile kaa la moto, halikuja. Nikakanyaga tena, halikuja. Nikasimamisha gari tukiwa hata nyumba ya mwisho ya kijiji hatujaipita, nikacheka mpaka machozi. "Unaumwa?" akauliza. "Siumwi, Adamo. Siumwi hata kidogo!" Tulipofika Mocímboa nikashuka, nikalizunguka gari mara tatu kwa miguu, nikapanda. Awasse lile shimo lilikuwepo bado, limepanuka limejaa maji ya mvua, nikapunguza mwendo, nikalipita kwa ubavu, halafu Mungu anisamehe, nikalipigia honi.

Mbele kidogo kuna kizuizi cha wanajeshi. Tukashushwa, kijana mmoja akanipitishia kile kifaa cha kutafutia chuma, kilipofika kiunoni kikalia.

"Mama, una nini hapo?"

"Nyonga."

"Nyonga gani inalia?"

Akataka ushahidi, na mimi kwa furaha zangu nimesahau kila kitu, nikafungua pochi ya leseni nikampa karatasi. Bi Sumaia, yule kijana aliisoma kwa sauti, Kireno kilichonyooka kama mwalimu mbele ya darasa, kwamba mgonjwa anaruhusiwa kuendesha na kusafiri safari ndefu kuanzia wiki ya kumi na mbili, akaitazama tarehe, akahesabu kwa vidole, akacheka. "Mama, ni tangu mwezi wa kumi na moja! Hongera, piteni."

Adamo alikuwa nyuma yangu. Alisikia neno kwa neno.

Tukaingia garini, tukaondoka. Saa moja ilipopita akasema, "Simama," akashuka, akaja kunifungulia mlango, tukatembea kidogo pembeni ya barabara, tukapanda. Saa nyingine, "Simama." Hivyo hivyo Macomia, hivyo hivyo mpaka Pemba. Latifa alikuwa getini anautazama mlango wa abiria, mimi nikatokea mlango wa dereva, akapiga ukelele watu wakageuka. Kesho yake nilipanda jukwaani kwa ngazi tano bila mkongojo na bila kushikwa, nikamvisha mwanangu bata, nikamfunga vifungo kimoja kimoja, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Adamo alimwambia kila mtu mpaka mlinzi wa geti, "Huyu mke wangu katoka Olumbi, chuma nyongani na usukani mkononi."

Tukarudi salama, mimi tena dereva. Sasa ni wiki ya tatu. Anakula, anacheka, amerudi shambani, lakini habari ya karatasi hajaigusa hata kwa neno moja, na ule ukimya unanila. Sadique naye amepona, anasema mama asiendeshe tena kwa umri huu. Mwezi wa sita natakiwa Nampula kupimwa nyonga, na nataka niende nikiendesha, sikufichi. Je, nimwache mzee na ukimya wake, au nianze mimi? Na Nampula, niende au nisiende?

Cadija, Olumbi

MSHAURI ANAJIBU

Dada Cadija, hongera. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, nilipofika kwenye honi nikasimama. Niliuguza watu wodini miaka ishirini na sita, nimewaona wengi waliowekewa nyonga mpya wakarudi nyumbani wakaketi kitini mpaka misuli ikalegea, si kwa maumivu, kwa woga. Wewe umeuendea woga wako mpaka mlangoni kwake. Vigelegele vile ni haki yako.

Nimemaliza kusifu. Kuogopa si kosa. Kosa ni kumtwisha mwenzio woga wako bila kumwambia ni mzigo gani. Dokta hukumkosea kitu. Umemkosea mtu aliyepiga magoti kukuvisha viatu miezi kadhaa ambayo ungeweza kuanza kujifunza kuvivaa mwenyewe.

La pili, ulikaa karibu miezi minane bila kugusa usukani, halafu ukajitupa kwenye njia ya siku nzima bila mazoezi na bila kupimwa. Umefika salama, alhamdulillahi, lakini bahati si cheti. Katika siku hizi zilizobaki, nenda Palma urudi, wiki inayofuata Mocímboa urudi. Tafuta uwanja mtupu, piga breki za ghafla mara kumi. Mguu ukisita hata mara moja, Nampula utakwenda ukiwa abiria. Kiti kisogeze nyuma, tanguliza makalio kuingia, kisha vuta miguu yote miwili pamoja, na mto uwe mmoja mgumu, si miwili inayoteleza. Maji unywe, usijinyime kwa kuogopa kushuka porini. Safari igawe siku mbili. Shavu la mguu likivimba likauma, au pumzi ikikata, hapo hakuna dereva wala abiria, ni hospitali saa ile ile. Sadique mchukue akae kiti cha pembeni. Umri wako haujamkosea mtu, na mabishano yataisha akikuona kazini.

Sasa Adamo. Unasema ananyamaza. Mimi nasoma kwamba baada ya kujua kila kitu alishuka kila saa moja kukufungulia mlango. Mtu aliyekasirika hafanyi hivyo. Lakini usiufanye wema wake kichaka cha kujifichia. Leo akirudi shambani, kabla hujampakulia, mkalie mbele umwambie, "Adamo, niliogopa, nikakudanganya. Nisamehe." Usiongeze "lakini." Usimwekee shimo la Awasse mbele kama wakili. Kisha nyamaza, na akikaa kimya, kaa naye hapo hapo. Akiwa na hasira, zipokee zote, ni zake. Na ajue kwamba msimu ujao atakwenda shambani kwake wiki zote sita, na mtu wa kumpeleka yupo.

Ukishayafanya hayo, mwezi wa sita uende Nampula, na uende ukiendesha.

Safari njema, dereva.