Mrija wa Kanyamibwa

Mushaki, 3 Mei 1953

Mwanangu Evode,
Salamu nyingi. Unaamka vizuri huko mgodini Walikale? Sisi wazima, na ng'ombe amezaa.
Nina jambo la aibu. Jumapili iliyopita tulikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mtungi mmoja, mrija mmoja, kama kawaida. Mrija ulipotoka kwangu kwenda kwa rafiki yangu Straton, akaona damu. Akasema: "Kanyamibwa iko na ugonjwa ya kifua." Tangu siku hiyo nakaa pembeni na mrija wangu peke yangu. Sikohoi hata kidogo. Ni fizi zinazotoka damu nikipiga mswaki, basi mswaki nimeuacha.
Papa yako

Walikale, 20 Juni 1953

Papa mpendwa,
Nakusalimia kwa heshima, wewe na Mama. Barua yako ilichelewa njiani.
Nimemuuliza infirmiye wetu, muuguzi wa mgodi, Papa Barthélemy. Anataka kujua kama fizi ni nyekundu na zimevimba, kama mdomo unanuka, kama meno yanaonekana marefu ao yanacheza. Anasema fizi zinaweza kuugua miaka bila kuuma, njo maana watu wanachelewa. Kuacha mswaki kunazidisha. Safisha polepole kila siku, hata damu ikitoka, na uende dispensari wakukwangue uchafu uliogandamana. Mficha maradhi, Papa, kilio humfichua.
Mtoto wako Evode

Mushaki, 11 Septemba 1953

Evode wangu,
Habari ya afya na kazi? Yote aliyouliza ninayo. Meno yamerefuka kama ya ng'ombe mzee. Dispensari wamenikwangua, wakang'oa mawili yaliyocheza. Damu imekoma. Wakaandika karatasi kwamba kifua changu ni kizima, nami nikaisoma mbele ya wanaume wote. Wakafurahi sana, kisha wakanipa tena mrija wangu peke yangu.
Upweke huu unanichoma, mwanangu. Omba konje, siku chache za mapumziko, uje Noeli. Wakikuona unakunywa mrija mmoja na mimi, watarudi.
Papa yako

Mushaki, 6 Januari 1954

Evode,
Amani kwako, kama barua hii inakufikia. Sikupata jibu, nawe hukuonekana.
Noeli nilikaa pembeni kama mgeni. Mama yako, ambaye hajaonja pombe tangu ubatizo, akapita katikati ya wanaume, akachukua mrija mkononi mwangu, akanywa. Straton akaangalia chini. Hakuna aliyemfuata.
Njiani nilimshukuru. Akanijibu: "Miye niko bibi yako, miye hawanihesabu. Mutoto njo walikuwa wanangoja."
Nami nilikuwa nakungoja.
Papa yako