Viatu Mkononi Katika Jumba la Mfalme

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri hapa Small Heath, huku kwa Waingereza, na mimi nimenuna kuliko mbingu.

Tumerudi jana kutoka Torino, Italia. Binti yangu Rukia ndiye aliyenipeleka tukaone jumba la wafalme wao wa zamani. Dhahabu mpaka kwenye vitasa! Darini wamechorwa watoto wanene, uchi wa mnyama, wanaelea mawinguni. Nikamwambia, "Mfalme ana vyumba vyote hivi, suruali ya mtoto ndiyo imemshinda?" Rukia akacheka mpaka akajishika mbavu. Mpaka hapo tulikuwa marafiki.

Tukafika chumba cha kiti cha enzi. Mlangoni kuna zulia jekundu, nene kama godoro. Sasa mimi mtu wa Mombasa, zulia kama lile nilikanyage na viatu vilivyotoka barabarani? Nikavua, nikavishika mkononi, nikaingia na soksi zangu. Moja ina dirisha.

Mlinzi akaja mbio, anaongea Kitaliano kwa mikono miwili. Nilishafungua mdomo nimweleze. Rukia akaniwahi.

"Sorry, my dad is confused."

Confused! Mimi!

Nimeendesha basi Coventry Road mpaka nikastaafu, neno hilo nalijua. Kwa Kiingereza ni neno dogo, limeoshwa, kama la daktari. Kwetu ni kuchanganyikiwa. Ni yule mtu anayekimbizwa na watoto sokoni.

Mlinzi akanitazama kwa huruma. Bora angenitukana.

Nikavaa viatu. Vyumba vilivyobaki nilivipita vyote, sikuona hata kimoja.

Kwenye ndege nikamgeuzia mgongo. Tulipofika mlangoni kwangu akasema, "Baba, you can't live on your own anymore. Come and stay with us in Harborne."

"Nisiishi tena peke yangu, nihamie kwenu? Kwa sababu ya viatu?"

"It's not just the shoes, Baba."

Kama si viatu tu, basi ni nini? Ile sufuria niliyounguza? Hata yeye huunguza, na digrii anayo.

Hapa nitasema kweli, maana yeye hasomi blogu hii. Siku hizi jina la jirani hunipotea, nikabaki kumwita "bwana mkubwa" mpaka lirudi. Lakini hurudi! Na nyumba hii ndiyo niliyoishi na marehemu mama yake. Siiachi kwa sababu ya adabu niliyolionyesha zulia la mtu.

Kesho anakuja kutaka jibu. Kiswahili anakielewa chote, ila tangu aanze shule hunijibu kwa Kiingereza. Nitamkalisha, nimwambie: lile neno ulilompa mlinzi, nipe na mimi. Liseme kwa Kiswahili, ukinitazama usoni. Ukiweza, nafunga sanduku, nahamia Harborne, sibishani tena.

Hawezi. Namjua mwanangu.

Na akiweza je?