Ruba Kooni mwa Dada Mwanaheri

Kinole, Milima ya Uluguru
9 Mei 1913

Mpendwa ndugu yangu Abasi,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora, kwenye kazi yako ya gari moshi la Wadachi. U mzima? Kikohozi kimekuacha, au bado unawaamsha majirani? Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaileta: marahaba. Mimi mzima, ila magoti hayanitii, kama wewe ulivyokuwa utotoni.

Habari za nyumbani si nzuri. Dada yetu Mwanaheri nusura atutoke.

Unamjua, kata na mtungi anaona ni vya wageni. Akitoka shamba hulala kifudifudi kijitoni akanywa kwa mdomo kama mbuzi. Sauti ikaanza kumkauka, akawa anatema damu. Tukasema kifua, uzee huo. Kumbe!

Jumatatu tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, namtania kwamba sasa anawika kama jogoo. Akafungua mdomo anijibu, pumzi ikakatika palepale. Macho yakamtoka, akajishika shingo. Alipopata upenyo akasema, "Kinatembea!"

Mwanawe Hatibu akaruka. "Mjomba, pepo hilo! Nikaite watu wa ngoma?"

"Pepo gani ana mkia?" nikamjibu, maana nilishamgeuza dada uso juani, nikaona kitu cheusi kinacheza kooni. Ruba la kijitoni! Limenyonya damu mpaka limevimba na kuziba njia. Nikalipaka ugoro wangu kwa kijiti, likalegea, nikalivuta kwa vidole vyenye majivu. Dada akaniuma. Ana meno mawili tu, na yote mawili yalinipata.

Nilicheka, Abasi, lakini sicheki tena. Tangu siku ile amekataa maji. Tunayachemsha, tunayachuja kwa kitambaa, yeye anafumba mdomo. Ulimi umemkauka, macho yameingia ndani. Usingizini anakuita wewe, kitinda mimba aliyembeba mgongoni.

Jana nikamwambia, "Abasi yuko njiani. Akikukuta hivi atalia mbele za watu." Akanitazama weee, kisha akanywa kikombe kizima. Leo kingine. Kila akinywa anauliza umefika wapi.

Hatibu na mke wangu Asha wanakusalimu. Nisalimie shemeji Pili na watoto. Mungu akulainishie moyo wa huyo bwana wako akupe ruhusa.

Nimekufikisha Dodoma. Hapo nitasema gari limeharibika, lakini haliwezi kuharibika milele. Panda, ndugu yangu.

Kaka yako akupendaye na kukusingizia,
Kibwana