Spika ya Kushoto

Jumanne, 8 Julai 2025

Hedifoni zimekufa upande wa kushoto. Katikati ya kazi ya kwaya! Nimekunja waya, nimezipiga kofi, nimezitukana kwa Kihaya – wapi. Kulia safi. Kushoto kama mtu anayeimba ndani ya gunia. Hazina hata mwaka! Yule wa dukani aliniapia kuwa ni orijino kabla sijamuuliza. Mtu anayeapa bila kuulizwa ana lake jambo. Nimezitupa jalalani.

Basi, imekwisha. Nanunua spika za studio. Mbili, mezani, kama prodyuza mwenye akili zake. Jubilei ya kigango ni Jumapili ya tarehe ishirini, na kwaya wanataka nyimbo zao zipigwe siku hiyo na flashi ziuzwe nje ya kanisa. Ni kazi yangu kubwa ya kwanza tangu nianze kurekodi humu chumbani, hapa Pasiansi. Nikiiharibu, kwaya zote zitahamia kwa wale vijana wenye studio ya vioo mjini. Mimi nitabaki na matangazo ya sumu ya panya.

Mwalimu Projest, mwalimu wa kwaya, amesikiliza wimbo wa kwanza. Anasema sauti ya kwanza inachoma masikio. Inachoma! Mimi naisikia kwa mbali. Nadhani simu yake ndiyo mbovu.

Jumatano, 9 Julai 2025

Mjini. Duka la vyombo. Kijana akanivuta moja kwa moja kwenye sabufa yenye taa za rangi. Eti mama, hii inatikisa mpaka bati!

Nikamwambia sitaki kutikiswa. Spika ya sebuleni kazi yake ni kukusifia. Inaongeza besi, inapaka mafuta, wimbo mbovu unapendeza, unaondoka umefurahi, ukifika kanisani unaaibika. Mimi nataka spika inayosema ukweli hata kama unauma. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake.

Akaleta za studio, inchi nane. Chumba changu kidogo! Inchi nane mle ni kufuga ng'ombe bafuni. Besi itajaa kwenye kona, nitaipunguza, halafu kwingine wimbo utasikika mkavu. Inchi tano zinatosha. Zipo, mpya, nzuri – kwa bei ya friji langu na vilivyomo.

Nilisikiliza jozi mbili za inchi tano. Kampuni tofauti. Zote kushoto hafifu! Nikamwambia. Akasema labda ni mpangilio wa duka. Labda! Kontena zima limekuja bovu na anajua.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Nimenunua. Sijui kama nimefanya vizuri.

Wifi yangu Jovina ndiye aliyeniambia. Kuna mtu Mkolani, Ngosha, anauza jozi ya inchi tano zilizotumika, nusu ya bei ya mjini. Jovina ni mdogo wake Muganyizi, mume wangu, na ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Anajua watu wote wa muziki mji huu. Anajua wengi mno, wakati mwingine.

Nikamuuliza Ngosha, kwa nini unauza? Mtu hauzi ng'ombe anayetoa maziwa. Akasema anahamia Geita, anafungua duka la dawa za mifugo, muziki haulipi. "Mama, mimi sina maneno mengi. Sikiliza mwenyewe." Nikampa flashi yangu. Akanikalisha kwenye stuli, karibu kabisa na spika ya kushoto, maana upande wa pili kulikuwa na magunia. Zililia sawasawa! Besi haikudanganya. Nilisikia hata mtu aliyekohoa kwenye ubeti wa tatu, ambaye sijawahi kumsikia.

Nikatoa hela yangu ya kikoba palepale.

Sasa nimefika nyumbani ndiyo nawaza. Kwa nini anikalishe karibu na ya kushoto?

Jumamosi, 12 Julai 2025

Nilijua. NILIJUA! Kushoto hafifu.

Nimezipanga vizuri, umbali sawa, zinanitazama usoni. Sauti yote imelalia kulia. Ya kushoto inanong'ona. Lile stuli halikuwa bahati mbaya – Ngosha aliijua spika yake. Mbuzi kwenye gunia, na gunia nimelibeba mwenyewe.

Nikapiga simu. Kwa upole wake ule akasema mama, zibadilishe, ya kulia iweke kushoto, uone. Nilitaka kufanya hivyo hata kabla hajasema.

Nimebadilisha. Bado kushoto! Ile iliyokuwa inanong'ona sasa iko kulia, inaimba kama malaika. Nimebadilisha na waya. Bado kushoto.

Kwa hiyo si spika. Nimekaa kitandani nimewaza. Halafu nikaona – jiwe! Nyumba hii imeegemezwa kwenye jiwe kubwa kuliko yenyewe, na ukuta wa kushoto ndio unaligusa. Sauti ya upande ule inagonga jiwe, inavurugika. Ndiyo maana kodi ya nyumba hii ni nafuu, mwenye nyumba anajua.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Muganyizi amenisaidia kuhamisha meza ukuta wa pili. Amenung'unika tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa jiwe liko mkono wangu wa kulia.

Kushoto bado hafifu.

Hasira nilizo nazo! Muganyizi akasimama mlangoni anatafuna muhogo. Akasema alikuwa ananiita chai. Hakuniita. Akasema ameniita, ameniita, amechoka. Muongo. Siku hizi ana tabia mpya, anaongea chini chini. Hasa kitandani, nikiwa nimelala ubavu – eti alikuwa ananisimulia habari za kazini nikanyamaza tu. Mtu mwenye jambo safi anaongea asikike.

Na Jovina naye. Jana walikuwa jikoni, kaka na dada, wanateta. Nilipoingia wakaacha. Nikauliza mnasema nini? Eti wanasema samaki wameadimika. Samaki!

Jumatano, 16 Julai 2025

Mwalimu Projest amepiga simu wakati nakanda unga wa chapati. Nikaibana simu begani, upande wa kushoto, mikono imejaa unga. Mtandao mbovu ajabu. Nikamwambia Shikamoo Mwalimu, sikusikia hata marahaba. Nikafuta mkono, nikaiweka kulia, mtandao ukarudi. Hata mtandao unanichezea wiki hii.

Afadhali usingerudi. Amesikiliza nyimbo zote. Anasema kwa heshima, lakini anasema: sauti ya kwanza imefunika wenzake. Sauti ya nne ni kama hawakuja mazoezini. Na wanakwaya wameanza maneno. Wanasema nimempandisha wifi yangu! Kwamba hii si kwaya tena, ni Jovina na wasindikizaji.

Mimi nimpandishe Jovina! Mimi ambaye nimehangaika wiki nzima kumtafuta asikike! Nimemweka kushoto na sauti ya kwanza yote, nimemwongeza, nimemwongeza tena, bado yuko ng'ambo ya ukuta.

Mwalimu anasema Jumamosi saa nne asubuhi anakuja kuchukua. Zikiwa hivi hivi, Jubilei wataimba wenyewe tu, na kazi wataipeleka kwingine.

Nani amepeleka maneno kwa Mwalimu? Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mtu anayeingia humu ndani.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimejua. Au nadhani nimejua.

Nani alinipeleka kwa Ngosha? Jovina. Nani anamjua Ngosha? Jovina. Duniani hakuna anayekuelekeza duka bure. Kuna cha juu.

Ngosha anakuja kesho kusikiliza spika zake. Nimemwita na Jovina. Wakae wote wawili mbele yangu.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Naandika kwa hasira, mwandiko huu sijui nitausoma.

Ngosha alikuja na shati limenyooshwa. Akakaa kwenye kiti changu, akafumba macho, akasikiliza wimbo wa komunio mpaka mwisho. Akasema zote sawa. "Ila mama, hawa wa kushoto umewapa nguvu sana." Nikamwambia Jovina akae. Naye akasema sawa. Akasema kwa Kihaya cha heshima, waitu wifi, mbona zinalia vizuri tu, mimi mwenyewe najisikia napiga kelele.

Walitazamana. Niliwaona walivyotazamana!

Nikasema. Nilisema yote. Kwamba amekula cha juu kwenye hela yangu ya kikoba. Kwamba wamepanga jibu moja. Kwamba anaenda kunisema kwa Mwalimu halafu anakuja kula chapati zangu. Ngosha akainuka taratibu, akasema mama, zikikusumbua mpaka mwisho wa mwezi nirudishie nikupe hela yako, mimi sitaki maneno. Akaondoka.

Jovina alibaki amekaa kwenye kiti changu. Halafu akasema wifi, miezi hii miwili umekuwaje? Unatufokea. Unaniongelesha kama niko Ukerewe na wewe uko huku. Tukikusalimia huitikii, tukinyamaza unatuuliza tunasema nini. Alikuwa analia. Akasema Jumapili haimbi, nitafute mwingine wa kumpandisha.

Muganyizi ameacha chakula mezani. Hajala.

Kurudishiwa hela! Mwizi harudishi hela. Hilo ndilo linanisumbua. Nimeligeuza kila upande, halikai.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Asubuhi. Muganyizi ameenda kwa Jovina kumbembeleza. Mwalimu Projest hajafika.

Niandike kama ilivyotokea, nisijidanganye.

Nilikuwa nasikiliza tena wimbo wa komunio. Mwanzo ule Jovina anaimba peke yake, nimemweka kushoto kabisa, spika ya kulia imenyamaza. Akawa kule mbali, kama kawaida yake. Kalamu ikaanguka nyuma ya kiti. Nikageuka kuinama niiokote, spika zote ziko mgongoni – na Jovina huyo! Wazi. Karibu. Hata anavyovuta pumzi kabla ya neno. Nilipiga kelele ya furaha. Imepona! Nikageuka kuitazama.

Akaenda mbali.

Nikageuka tena, nikazipa spika mgongo. Akarudi.

Nimerudia mpaka kizunguzungu. Spika sijaigusa. Waya sijaugusa. Jiwe liko lilipo. Kilichogeuka ni mimi.

Nimeziba sikio la kulia kwa kidole. Jovina hakuwa mbali. Hakuwepo! Taa za saundi kadi, kile kisanduku cha kulishia spika, zinacheza, kumaanisha sauti inatoka, na chumbani kimya. Nikitoa kidole yupo. Nikiziba hayupo. Nimeweka mkono juu ya spika, inatetemeka kwenye kiganja. Anaimba.

Naogopa. Naogopa sana. Ni tangu yale mafua yaliyonilaza mwezi Mei? Sikio hili lilisikia kila kitu mwaka jana, lilimsikia mtu aliyekosea noti moja katikati ya watu arobaini. Kusikia kutarudi? Prodyuza mwenye sikio moja anaitwaje?

Hedifoni zilikuwa nzima. Kijana wa duka la vyombo hakunidanganya. Ngosha alinikalisha pale kwa sababu ya magunia. Na wanakwaya walisikia sawasawa – nimemwongeza Jovina katika kila wimbo, nyimbo zote, kwa mkono wangu, kwa sababu mimi simsikii.

Nyimbo zinaweza kurekebishwa. Faili zipo. Lakini si kwa sikio hili. Lazima akae mtu hapa anayejua sauti ya kwanza inatakiwa ilale wapi, aniambie shusha, shusha, basi hapo. Ninamjua mtu huyo mmoja tu, na jana nimemwita mwizi.

Mwalimu nitamwambia nini? Kwamba umeme ulikatika? Ningemwambia hivyo jana bila aibu.

Nimeinua macho. Muganyizi amesimama mlangoni, mkono wangu wa kushoto. Sijui tangu lini. Ametoka kwa Jovina, na midomo yake inatembea – ananiambia anakuja, au ananiambia haji.

Nimemwomba azunguke meza, aje upande huu wa kulia, arudie.