Kidirisha cha Upande wa Mama

Mpendwa Baba Zuhura,

Juzi nimekifungua tena kidirisha cha kushoto cha gari lako, na nakuandikia kwa sababu hapa Nachingwea sina mwingine wa kumtambia. Nilimwita Zuhura aone. Akasema, "Kinafunguka, mama, nimeona," akarudi kucheza rede. Wewe ungezunguka gari zima ukipiga makofi.

Unakumbuka lilivyokuja? Kuukuu, rangi ya maziwa, limeachwa na wazungu wa mradi wa karanga na kupita mikononi mwa kila aliyeshindwana nalo. Injini ilikuwa nzima. Vilivyokufa ni vile vidirisha vya pembetatu vya milango ya mbele, vya kusukuma kwa kidole upepo ukakupiga usoni. Cha kulia kilikuwa kimeganda kwa kutu. Cha kushoto hakikuwa hata na kioo, kimezibwa kwa bati.

Mtu mwingine angeviacha hivyo hivyo. Lakini mimba yetu ya kwanza ilikuwa imetoka mama akiwa kwake Chunyu na mimi niko huku peke yangu, na hii ya pili nilikwambia wazi: sizai bila mama. Naye mama, tangu alipopandishwa lori lenye turubai wakati wa kuhamia vijijini akazimia humo ndani, alikuwa ameapa kutopanda tena chombo kisichompa upepo wa usoni. Ukishusha kioo kikubwa, vumbi lote la njia ya Ruangwa linakuwa lako. Ukikipandisha, mama hapandi. Kwa hiyo ni vidirisha au mama abaki Chunyu.

Ukajifanya fundi, wewe karani wa mahakama, mtu wa Bukoba uliyezoea kahawa. Uliwaona majirani wakipaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa, ukajiambia mafuta ni mafuta. Nilitoka kliniki nikakukuta umeyamimina kwenye pini ya kidirisha cha kulia, mikono imekulowa yote.

"Bwana wee! Hayo yanaunguza!"

"Mbona siyasikii?"

"Subiri. Utayasikia."

Ukayasikia. Mikono ilikuvimba na kubabuka, nikawa nakulisha tonge mdomoni na huku nacheka mpaka mtoto tumboni anarusha mateke. Nacho kidirisha, kilichokuwa kimeganda tu, sasa kilikuwa kimegundishwa. Mjini kote ukawa karani aliyelainisha gari kwa korosho.

Hukukata tamaa, na hicho ndicho nilichokupendea. Mikono ilipopona ulikilowesha kidirisha kwa mafuta ya taa, ukawa unakitikisa kidogo kidogo kila ukitoka kazini, mpaka kikatoa mlio kikazunguka. Mpira wa kuzuia vumbi uliukata kwenye tyubu ya baiskeli kwa wembe. Kishikizo ulikichonga kwa mpini wa kijiko changu, bila kuniuliza. Kioo cha kushoto kilipokosekana mji mzima, uliitazama picha yetu ya harusi pale ukutani, kisha ukanitazama mimi. Nikasema chukua. Picha imeingia vumbi tangu siku ile, na sijawahi kujuta.

Tulipokuwa tunafunga safari ya Chunyu ndipo nilipokumbuka jambo ambalo wewe, mgeni wa huku, hukuweza kulijua. Vidirisha viko mbele tu. Mama akitaka upepo lazima akae mbele, na dereva ni wewe, mkwe wake. Kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama wa mkewe, hata kutazamana ni kwa kuibia. Nilikueleza nikiwa karibu kulia. Ukaniwekea ufunguo kiganjani.

"Nilikufundisha kuendesha kule uwanja wa ndege kwa ajili gani?"

Basi nikaendesha mimi, tumbo likigusa usukani. Mama alikaa kushoto, upepo unampeperusha ushungi, macho mbele. Fundi mwenyewe ulikuwa nyuma na gunia la mihogo, kuku wa mama mapajani, unatiririka jasho. Kila nikikuchungulia kwenye kioo ulikuwa unacheka. Zuhura alizaliwa mama akiwa amenishika mkono, na tangu hapo kila safari ya mama ikawa hivyo hivyo. Sikukwambia, lakini iliniuma. Ulitengeneza upepo ukaishia kukaa mahali usipofika.

Tangu tukuzike gari lilikaa bandani. Mpira ukakauka, manyigu wakajenga kwenye kidirisha. Mama akaniletea habari kwamba yuko tayari kuja kuishi nasi, ila sharti lake ninalijua. Sikumwita fundi yeyote. Nilikata tyubu mwenyewe, nikailegeza pini mwenyewe, kwa mafuta ya taa. Usiniulize kama niliyafikiria ya korosho.

Jana nimemfuata. Nilimfungulia mlango wa mbele, akaupita. Akashika wa nyuma, akaingia, akakaa upande wako.

"Mama, huko hakuna upepo. Utazimia."

"Endesha, mwanangu."

Tukaipita Ruangwa. Kisha nikamsikia akikipapasa kiti.

"Miaka yote nkwe wangu amekaa hapa, na mimi sikugeuka hata kidogo kumwambia ahsante. Adabu ilinizuia. Leo nimekuja kukaa naye."

Nilinyoosha mkono nikakisukuma kidirisha chako cha kushoto mpaka mwisho, kioo kikageukia ndani.

"Upepo unakufikia, mama?"

Nikapunguza mwendo kwa hofu.

"Unafika," akasema. "Mbona unafika vizuri tu."

Kumbe ulikuwa unakufikia, mume wangu. Siku zote zile ulikuwa unakufikia.

Lala salama. Mama yuko ndani anakula, na ufunguo ninao mimi.

Mkeo na dereva wako,
Mama Zuhura